Kitenzi cha Baba, Ng'ombe wa Yeyo

Nyuma ya supamaketi moja hapa Kitengela kuna mahali wanapotupa maboksi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake maboksi hayo huwa yamelowa na kuvimba, yanafumuka tabaka kwa tabaka, na yanatoa harufu ambayo watu wengine hawaisikii hata kidogo. Mimi naisikia kutoka ng'ambo ya barabara. Wiki iliyopita nilipita hapo na mwenzangu wa kazini, nikaziba pua, akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia ndiyo, ya mapacha, tukacheka yakaisha. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba ile kwangu ni harufu ya chakula? Kwamba kuna kiangazi ambacho boksi lililoloweshwa kwa maji ya chumvi ndilo lililokuwa tegemeo la nyumba yetu, na sote tulisimama kumtazama anayelila kwa furaha ya watu walioalikwa harusini?

Tulikaa ndani kidogo, ukitoka Kitengela kama unaelekea Isinya, kabla mbuga ile haijakatwakatwa ploti. Leo ukienda huko utakuta ua wa mawe, magorofa ya kupanga na mabango ya wauza viwanja, na ukiniuliza boma letu lilikuwa wapi itabidi nibahatishe. Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi ya karibu. Mama, ambaye tulimwita Yeyo kama Wamaasai wote wanavyowaita mama zao, hakuwahi kukanyaga darasa. Kaka yangu Lemayian alikuwa amenizidi miaka michache na kila kitu alikijua. Nami nilikuwa na umri ule ambao mtoto anasikia kila neno na haelewi nusu yake.

Mliosoma miaka yetu mnawakumbuka walimu wa aina ya baba. Ndiye aliyeitunza ile disk, kile kipande cha ubao chenye kamba ambacho ulivalishwa shingoni ukikutwa ukiongea lugha ya mama. Nyumbani alitulegezea kidogo: Kimaa kiliruhusiwa mpaka chakula cha jioni, na baada ya hapo ilikuwa Kiswahili na Kiingereza tu. Yeyo alipenda Kimaa chake, kwa hiyo baada ya chakula kwa kawaida alinyamaza. Hapo ndipo baba alipotufundisha vitenzi vya Kiingereza alivyoviita vitenzi vyenye mkia. Kitenzi cha kawaida, alisema, ni kama mbuzi, ukimwona umemjua. Lakini hivi viwili viwili, look after, put off, run out, vina mkia nyuma, na mkia ndio unaoamua mnyama ni yupi. Kila jioni tulipewa kimoja: maana zake, asili yake, visawe vyake. Asili ndiyo aliyoipenda kuliko vyote. Alipoijua aliieleza vizuri, na alipokuwa haijui aliieleza vizuri zaidi.

Jioni ninayoikumbuka, mvua za vuli zilikuwa zimetupita bila kushuka, na za masika hazikuonyesha nia. Baba alikaa kwenye kigoda chake, akapangusa mikono, akasema, "Leo ni give up."

Tukarudia.

"Maana ya kwanza, kuacha kujaribu. Kukata tamaa. Ya pili, kuacha kitu umezoea, kama mtu aambiwe na daktari aache sukari. Ya tatu, kukabidhi kitu kilikuwa chako, kama wewe uko na kiti na mzee ameingia. Na ukiongeza on hapo nyuma, sasa unamkatia mtu mwingine tamaa, na pengine yeye mwenyewe bado anajaribu."

"Na asili?" Lemayian aliuliza. Alikuwa anamchokoza.

"Asili. Zamani Wazungu wakipigana wengine walikuwa wanajifungia ndani ya ngome. Wakishindwa, mkubwa wao anatoka na funguo, anampelekea yule ameshinda. Sasa yule ameshinda ako juu ya farasi. Huyu ako chini kwa miguu. Lazima apeane akielekeza mkono juu. Give, up."

"Uko sure, Papa?"

"Wewe ulikuwa huko?"

Visawe vilikuwa vingi: quit, surrender, yield, abandon, relinquish. Hicho cha mwisho kilimshinda Lemayian kabisa, akawa anakitamka huku anatema mate, nami nikacheka mpaka nikapaliwa na uji. Yeyo aliyekuwa akikwangua sufuria aligeuka akauliza, "Na hilo neno linafanya kazi gani hapa kwetu?"

"Hapa halina kazi," baba akasema. "Nimewaonyesha tu ndio walijue wakikutana nalo. This family does not give up."

Bibi yangu, mama yake Yeyo, alikuwa hamtaji fisi jioni. Alisema ukimtaja anajua unamfikiria, na akijua unamfikiria anakuja kuona kwa nini. Nililala nikiliwaza hilo. Baba alikuwa ametaja neno baya jioni, ndani ya nyumba, kwa sauti, na hakuishia hapo, alitaja pia ndugu zake wote mmoja mmoja. Kwa akili zangu za wakati ule, ukoo mzima wa lile neno sasa ulijua tunakokaa. Niliamini hivyo kama nilivyoamini kwamba jua litachomoza. Sikumwambia mtu, maana kumwambia mtu kungekuwa ni kulitaja tena.

Sasa niwaambie kuhusu ng'ombe aliyeitwa Naibor. Jina hilo maana yake ni mweupe, na alikuwa mweupe kweli, isipokuwa masikio yenye ncha nyeusi. Kwetu bibi harusi akifika kwenye boma la mumewe haingii hivi hivi. Husimama langoni, kichwa ameinamisha, akakataa kupiga hatua hadi wakwe waanze kumwahidi mifugo. Yeyo alisimama pale, wanasema, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba labda amebadili nia. Baba mkwe wake akamwahidi mbuzi, hakusogea. Akamwahidi kondoo, akasogea unyayo mmoja. Mwishowe akamwahidi mtamba mweupe, na Yeyo akaingia. Naibor alikuwa mjukuu wa mtamba yule. Mifugo mingine ya boma ilikuwa ya baba na ndugu yake, na mambo yao yaliamuliwa na wanaume wakiwa wamesimama mbali. Naibor alikuwa wa Yeyo. Katika dunia nzima hicho ndicho kitu pekee ambacho yeye mwenyewe angeweza kusema changu, na hakuna aliyebisha.

Nyasi zilipokwisha, baba mdogo aliwaswaga ng'ombe wengine kuelekea Namanga, kwamba huenda ng'ambo ya mpaka kukawa na malisho. Naibor alibaki. Alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, na miguu ya nyuma ilikuwa imeanza kumsaliti. Habari za wale waliokwenda zilitufikia kidogo kidogo kupitia watu waliotoka mnada wa Bisil, na kila habari iliyofika ilikuwa mbaya kuliko iliyoitangulia, mpaka baba akaacha kuuliza. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Tukabaki na mmoja, na ndama aliyekuwa ndani yake.

Hassan alikuja wakati huo. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, familia yao ilitoka Garissa, na alikuwa pia na duka la jumla pale mjini Kitengela. Baba alimheshimu kwa sababu alikuwa halalii mtu kwenye bei. Alimzunguka Naibor, akamshika nundu, akamwangalia anavyokanyaga.

"Mwalimu, sikiza mimi," akasema. "Huyu bado anatembea. Nipee leo nimpakie kwa lori. Akishalala chini, wallahi, mimi sina bei yake, na hakuna mtu mwingine ako nayo."

Baba alimtazama Yeyo. Yeyo alikuwa ameshika pembe moja ya Naibor, hakuinua hata macho.

"Ng'ombe wa langoni hauzwi," akasema.

"Umesikia mwenyewe," baba akamwambia Hassan. "Hata kama ningetaka, si wangu."

Hassan akacheka, akainua mikono miwili. "Basi, mama, mimi kwako nimesurrender."

Neno la pili kwenye orodha ya visawe, limesemwa waziwazi, hatua mbili kutoka kwenye sikio la Naibor. Kesho yake asubuhi Naibor hakuinuka.

Asiyewahi kumwinua ng'ombe wa kiangazi hajui kazi hiyo. Ng'ombe aliyeishiwa hawezi kujisimamisha, lakini akisimamishwa anaweza kusimama, na akisimama anaishi siku hiyo. Kwa hiyo kila alfajiri mnamwinua. Unapitisha gunia chini ya tumbo, wawili wanalivuta huku na huku, mmoja anashika mkia kwenye shina, mmoja anashika pembe ili kichwa kisirudi chini. Baba alishika pembe, Lemayian mkia, Yeyo alivuta gunia upande mmoja na mimi na mwanamke jirani yetu tukavuta upande wa pili. Mnavuta pamoja. Anapanda nusu, anashuka. Mnampumzisha, mnamsugua mapaja damu itembee, mnavuta tena. Akishasimama hamwachii, mnamwegemea pande zote huku anatetemeka, na mnangoja ile hatua ya kwanza. Akiipiga, Yeyo alikuwa akitoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu jana yake. Kisha baba alikwenda kufundisha, viatu vina mavi, na hakuna mwanafunzi aliyecheka kwa sababu kila mmoja kwao kulikuwa hivyo hivyo.

Kula ilikuwa shida nyingine. Maganda ya migunga yalikwisha, marobota ya nyasi barabarani yalipanda bei mpaka tukawa tunayapita kama watu wanaopita gari la kifahari. Ndipo Hassan yule yule alipoleta maboksi ya dukani kwake, pikipiki imejaa mpaka dereva haonekani. Tuliyararua, tukayalowesha kwenye karai kwa maji na chumvi ya mifugo, Naibor akala. Maboksi yalipopungua baba aliingia ndani akatoka na magunia ya mabuku ya zamani, zile insha za Kiingereza alizosahihisha miaka yote. Alikaa kwenye kigoda akizitoa pini za stepla moja moja kwa ncha ya kisu, zisije zikamtoboa Naibor tumbo. Lemayian alisimama nyuma yake akisoma kwa sauti, insha za jua lililong'aa na ndege walioimba, za safari ya Mombasa iliyoandikwa na watu ambao Mombasa hawajaiona mpaka leo. Insha yangu ilikuwamo. Baba alikuwa ameiandikia Good work kwa wino mwekundu. Naibor aliila na ile Good work yake, na nilijivunia hilo kuliko siku niliyoipata.

Mimi nilikuwa na kazi yangu ya siri. Nililinda masikio ya Naibor. Mtu yeyote akija kutujulia hali nilikimbia nikamkumbatia Naibor kichwani na kumfunika masikio kwa viganja, na wageni wakasema tazama mtoto huyu anavyompenda ng'ombe wa mama yake. Nilimpenda, ndiyo, lakini sikuwa pale kwa mapenzi. Nilikuwa nachuja maneno. Lemayian nilimkataza kucheza na kile kitenzi, akaniuliza nimeshikwa na nini. Kanisani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mchungaji aliomba mvua kila Jumapili, na akifika katikati ya maombi alikuwa akisema tumkabidhi Bwana yote, tusalimu amri mbele zake, nami nikihesabu: kukabidhi, maana ya tatu, kusalimu amri, kisawe. Kwamba Naibor hakuwa kanisani halikunituliza. Niliona kama mtu mzima ambaye hajui anachokifanya amesimama mbele ya watu na anaita fisi kwa kipaza sauti.

Ilifika asubuhi moja baba akaachia pembe. Tulikuwa tumevuta mara nyingi, Naibor hakupanda hata nusu, na baba akaachia tu, akaketi chini kwenye vumbi na suti yake ya shule. Alifungua mdomo. Nilijua neno linalokuja. Niliruka nikamziba Naibor masikio, na moyoni nikamchukia baba, mtu niliyemwogopa na kumpenda kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyelileta na sasa ndiye anayekwenda kulikamilisha.

"Mgongo," baba akasema, akijishika kiuno.

Yeyo alibaki ameshika gunia lake kwa mikono miwili, amelivuta likakaza, kama kwamba upande wa pili kulikuwa na mtu. Hakumhimiza. Alingoja tu. Baada ya muda baba akainuka, akajikung'uta suruali, akashika pembe.

"Haya," akasema. "Tena."

Tukavuta, akasimama. Siku hiyo nilimsikia Yeyo akimwimbia Naibor kwa sauti ndogo huku akimsugua tumbo, akamwambia yule wa ndani asubiri, huku nje bado hakujatengenezwa.

Mvua ilikuja ikitokea upande wa Ngong. Tuliona kwanza weusi, halafu tukaisikia harufu ya udongo kabla tone lolote halijatufikia. Shuleni baba mwenyewe alifungua mlango wa darasa akasema tokeni, na tukatoka tukinyoosha mikono, watoto wa shule nzima tukizunguka uwanjani, wengine wamefungua midomo. Hata walimu walilowa makusudi. Nilikimbia nyumbani nikipiga kelele njia nzima kwamba tumeshinda. Nilimkuta Yeyo amesimama mlangoni, hachezi, anatazama mawingu kama mtu anayemtazama mgeni asiyemwamini.

Mfugaji yeyote wa Kajiado angeweza kuniambia, kama ningejua kuuliza. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu ndiyo humaliza waliobaki. Ng'ombe aliyekonda hana mafuta ya kumtia joto, ngozi imelala juu ya mfupa, na mvua ile huja na upepo wa baridi. Yeyo alijua. Alimfunika Naibor magunia yote yaliyokuwapo, akamtandika turubai, akatoa blanketi letu, na baba akavua koti lake la suti akalitandaza juu ya mgongo wake. Mvua haikuacha hata kidogo. Ilinyesha usiku kucha, na Yeyo alibaki naye nje.

Asubuhi Naibor alikuwa amelala mahali pake pa siku zote, pale tulipozoea kumwinulia, maji yamemzunguka. Tulipitisha gunia. Tulivuta, na alikuja mzima mzima bila kutetemeka, mzito kuliko siku zote, na ndipo nilipoelewa. Baba aliachia pembe kwanza. Yeyo alivuta peke yake mara moja tena, kisha naye akaliachia gunia, akaanza kulikunja. Waliompasua walisema ndama alikuwa jike. Lemayian ndiye aliyeniambia. Yeyo hakuuliza.

Siku ile nilimfuata kila mtu. Nilimuuliza Lemayian kama alilitaja lile neno usiku, akaapa kwamba hakulitaja. Nilimuuliza jirani yetu, akaniambia mtoto pumzika. Mwishowe nikamuuliza baba mwenyewe, nikinong'ona, kama alisema give up, na baba alinitazama asijue hata naongea nini. "Hapana," akasema. "Hakuna mtu amesema." Nililia wakati ule, na watu walidhani namlilia ng'ombe. Kumbe neno halikuwa na hatia yoyote. Tulilizuia mlangoni miezi yote ile, tukakesha, tukavuta, tukatoa insha zetu na blanketi letu, hakuna aliyekata tamaa hata mmoja, na Naibor alikufa vilevile. Kama ingekuwa kosa la neno, ningejua mara nyingine nilinde nini. Sikuwa na kitu cha kulinda tena, na hofu iliyonishika siku hiyo haijawahi kuniachia kabisa.

Jioni tulikaa kama kawaida. Chakula kilipokwisha Lemayian akauliza, pengine kwa huruma, "Papa, leo ni gani?"

"Leo hakuna," baba akasema.

Kesho yake pia hakukuwa. Shuleni aliendelea kufundisha mpaka alipostaafu, na wanafunzi wake walipita mtihani, lakini nyumbani sikumsikia tena akieleza asili ya chochote. Jioni zikawa za Kimaa, na hata hivyo Yeyo hakuongea zaidi. Hakutaka ng'ombe mwingine. Baba alipojaribu kumletea mtamba, miaka ya baadaye, alimwambia ampe Lemayian. Mpaka leo chai yake ni strungi, na ukimuuliza anasema daktari alimkataza maziwa. Nimemtafuta daktari huyo katika vyeti vyake vyote, simwoni.

Siku hizi nimeingia umri wa kutumiwa picha za jua linalochomoza kila asubuhi, na chini yake maneno ya kuhimiza watu wasikate tamaa. Watu wa rika langu, nyinyi mnaonitumia, najua mnanitakia mema. Huwa nafuta. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, na mimi nimemwona mvumilivu aliyevumilia kuliko wote ninaowajua, nikaona alichokula.

Kuna jambo moja la kiangazi kile ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Baada ya mvua ile ya kwanza zilikuja nyingine, na nyasi zikaota kama zilizokuwa zimetukasirikia. Zilifika kwenye magoti yangu, kijani tupu mpaka kwenye barabara, na hakukuwa na mdomo hata mmoja wa kuzila. Asubuhi tulitoka nje tukaziona, zikipepea. Basi siku moja Hassan akaja na mtu wa Rongai, mpangaji wa huko aliyefuga ng'ombe wa maziwa wawili nyuma ya nyumba, na pikapu, na vijana wawili wenye panga. Hassan alisimama mbali kidogo, anaona haya.

"Mama, pole," akasema. "Huyu anatafuta nyasi. Nimemwambia ni lazima tuulize kwanza. Ukisema hapana, tunaenda."

Baba alianza kusema kitu. Yeyo akamtangulia. "Kateni," akasema. "Sitaki kitu. Kateni tu, msiache."

Wakakata. Yeyo mwenyewe alijifunga leso kiunoni akawa anafunga mizigo, kwa haraka, kwa mikono ile ile, na Lemayian nami tukawa tunabeba hadi kwenye pikapu. Vijana wa panga walikwenda wakifagia uwanda wote hadi walipofika karibu na boma, wakasimama. Pale alipokuwa akilala Naibor, pale tulipomwinua asubuhi zote zile, nyasi zilikuwa zimeota nene na ndefu kuliko kwingine kote, na baba alikuwa amesimama mbele yake, mikono mfukoni. Alisimama tu hapo, na vijana wakatazamana, wakamtazama Hassan, kisha wakaanza kupazunguka.

Yeyo aliinua kichwa kutoka kwenye mzigo.

"Mwalimu," akasema, "toka hapo wakate. Hapo ndiyo kuna nyingi."

Baba akatoka.